Nyumba Inayouzwa Mkabala na Kinyozi

Walikosea siku ya kwanza kabisa, tena mbele ya muuzaji. Bibi wa miaka sitini na tisa aliingia sebuleni kwa watu, akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa upande wa dirisha na kuweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akalia.

"Hii ni kazi ya mwanangu," alisema. "Zitazameni kona hizi. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa akilainisha kona kwa chupa."

Mkwe wake alisimama nyuma yake, mkoba kaukumbatia kifuani. Mtaani walimwita Mama Pasi, kwa sababu riziki yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu. Mumewe, fundi wa lipu, alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa ya nne miezi saba iliyopita. Baada ya barua nyingi na kusubiri kwingi kwenye mabenchi, kampuni ya ujenzi ilikuwa imelipa fidia ya milioni kumi na nne. Mama Pasi alitaka kumwambia mama mkwe anyamaze. Lakini alipoinua macho akaiona ile kona, laini, iliyonyooka kutoka sakafuni hadi darini, naye akamwacha alie.

Mwenye nyumba aliyaona yote hayo. Aliitwa Bwana Stoo, jina lililomganda tangu alipokuwa mtunza stoo wa kiwanda. Kiwanda alikuwa amekiacha miaka mingi, lakini tabia ya stoo haikumwacha: kilichoingia kwake hakikutoka bila sahihi tatu. Kwenye simu alikuwa ametaja milioni kumi na tano.

"Poleni sana," alisema, akasubiri bibi afute machozi. "Nyumba ni milioni kumi na nane."

"Si ulisema kumi na tano?" Mama Pasi aliuliza.

"Kwenye simu nilikuwa sijajua ninawauzia nini."

Mama Pasi alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu miaka tisa iliyopita, siku mumewe alipokuwa akipiga lipu nyumba hiyo na kurudi jioni akilalamika huku anakula. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejengwa juu ya shimo la choo cha zamani. Stoo hakutaka kulipa watu wachimbe hadi kwenye udongo mgumu, akaamuru shimo lijazwe takataka na vipande vya matofali, juu yake ukapita msingi. Fundi alimwonya mara mbili. Stoo akamwambia, "Wewe umeitwa kupiga lipu, hukuitwa kufikiri." Zaidi ya hayo, simenti ya chumba hicho aliipima mwenyewe, ndoo moja kwa mchanga ndoo tisa. Fundi akamwambia mkewe, "Lipu ile nimeivisha nyumba kama shati juu ya kidonda. Siku moja usaha utatoka."

Maneno hayo yangeshusha bei kwa milioni nne. Lakini bibi bado alikuwa na kiganja ukutani. Kusema mbele yake kwamba upande wa pili wa nyumba hiyohiyo lipu ya mwanawe imefunika uozo kungekuwa sawa na kumsema vibaya maiti kabla udongo haujakauka. Mama Pasi akanyamaza. Walikubaliana milioni kumi na saba: arubuni milioni tatu siku hiyo, zilizobaki ndani ya miezi miwili, atakapopata mkopo kwenye chama cha akiba.

Wakaenda benki, wakatoa fedha, wakamkabidhi mkononi. Stoo akachana ukurasa wa daftari, akaandika: Nimepokea milioni tatu kutoka kwa Mama Pasi. Akatia sahihi yenye mikia mingi. Mama Pasi aliusoma ule mstari mmoja akaona umepungukiwa kitu, ila hakutaka aonekane anamshuku mtu aliyewahi kumpa mumewe kazi.

"Tunaaminiana," Stoo alisema.

"Tunaaminiana," Mama Pasi alijibu.

 

Wiki ya tano mkopo ulikubaliwa. Mama Pasi hakungoja hata kubadilisha nguo. Alikwenda na aproni yake yenye alama za kuungua, akagonga geti la Stoo akitabasamu.

Stoo hakufungua. Alizungumza kupitia nondo za geti kama mtu anayemjibu muuza ufagio.

"Afadhali umekuja. Kuna bwana mmoja mwenye malori, ameiona nyumba. Anatoa kumi na tisa."

"Lakini nyumba ni yangu. Nimelipa arubuni."

"Ndiyo maana nimekupa nafasi ya kwanza. Lete kumi na tisa."

"Tulikubaliana kumi na saba!"

"Bei ni kama maziwa, mama. Yakiachwa jikoni yanapanda."

"Basi nirudishie fedha zangu."

"Arubuni hairudi. Hilo hata mtoto wa shule anajua."

Mama Pasi akatoa ile karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Stoo aliipokea kati ya nondo, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti mara mbili, taratibu, wapita njia wakisikia.

"Hapa pameandikwa nyumba?"

"Hapana, lakini..."

"Pameandikwa bei? Pameandikwa nitarudisha? Basi. Nimepokea, na wala sijakana kwamba nimepokea. Tatizo liko wapi?"

Akamrudishia karatasi. Kwenye duka la jirani mtu mmoja alicheka. Haikujulikana anacheka nini, lakini Mama Pasi alikibeba kicheko kile hadi nyumbani.

Ofisi ya mtaa ilimwambia hivyohivyo, kwa lugha ya heshima zaidi. Karani alimshauri aende mahakamani. Wakili mmoja alimweleza kwamba kesi anaweza kuishinda, maana sheria haitazami karatasi peke yake, ila itachukua miaka miwili au mitatu. Kisha akataja ada yake, na Mama Pasi akamshukuru, akainuka.

Bibi alikuwa amekaa kitandani alipoelezwa. Walipanga vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, na kila neno ilibidi lisubiri msumeno unyamaze.

"Tatu kati ya kumi na nne," bibi alisema. "Mwanangu mzima walimthamini kumi na nne. Tatu ni nini hapo?" Akajitazama viganja. "Hiyo ni mikono yake yote miwili. Huyu mtu amechukua mikono ya mwanangu."

Msumeno ukalia tena. Ulipotulia, bibi alikuwa amejifuta uso.

"Lakini mwachie Mungu, mwanangu."

"Nimemwachia, mama," Mama Pasi alisema. "Mimi nitamsaidia kubeba tu."

 

Mkabala na nyumba ya Stoo, ng'ambo ya barabara ya vumbi, palikuwa na kinyozi mwenye baraza pana lisilo na kazi. Mama Pasi alimwendea Jumatatu asubuhi.

"Shemeji," alimwambia, maana kinyozi na marehemu walikuwa wakitaniana hivyo, "nataka kuweka meza yangu hapa."

"Hapa? Wateja wako wote wako kule sokoni!"

"Watanifuata. Nitakupigia pasi mataulo na makoti yako bila malipo."

Kinyozi alitazama baraza, akatazama nyumba ya mkabala yenye kibao cha INAUZWA, akamtazama mjane usoni. Mikasi mkononi mwake ikafunguka na kufungika yenyewe.

"Shemeji, hapa hujaja kupiga pasi."

"Pasi nitapiga."

"Sawa. Mimi sijaona kitu. Mimi naona vichwa tu."

Jumatano lori jipya liliegeshwa mbele ya nyumba. Akashuka mwanamume mnene, bahasha imetuna kwapani. Mama Pasi alikuwa ametia mkaa mpya kwenye pasi na moto ulikuwa umekolea.

"Kaka!" aliita. "Unakwenda kutoa milioni kumi na tisa na kola imelala kama sikio la mbwa mgonjwa? Njoo nikunyooshee. Bure."

Mwenye malori alicheka, akavuka barabara. Alikaa kwenye kiti cha kinyozi na fulana yake ya ndani, na Mama Pasi akatandaza shati mezani.

"Nani amekwambia ni kumi na tisa?"

"Nyumba hii niliinunua kabla yako. Arubuni yangu imo humo humo ndani, milioni tatu." Hakupaza sauti. Alinyunyiza maji kwenye kola, akaikandamiza, mvuke ukapanda kati yao. "Simwambii mtu asinunue. Sebule ni nzuri. Lipu kama ile hutaiona tena, maana aliyeipiga amekufa. Lakini ukiingia, nenda chumba cha nyuma, kimejengwa juu ya shimo la choo cha zamani. Sogeza kabati, Stoo hakuliweka pale kwa urembo. Gonga ukuta kwa sarafu, usikie unavyojibu. Halafu weka gololi sakafuni karibu na mlango, uiangalie inakwenda wapi."

"Gololi nitaipata wapi, dada?"

Mama Pasi akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akampa moja ya bluu.

"Na ukipita hapo nyuma, kuna nyumba yenye mlango wa kijani. Vyumba ni vilevile, kiwanja ni kilekile. Muulize mwenyewe aliinunua kwa ngapi. Usimuulize anayeuza. Anayeuza hutaja ndoto, aliyenunua hutaja bei. Hiyo bahasha nayo usimpe mkononi. Nenda kwa wakili, iandikwe ni ya nyumba ipi, bei gani, hadi tarehe gani, na kwamba hati isipotoka fedha zinarudi zote. Zikae kwa wakili hadi siku hiyo. Akikataa, jiulize kwa nini."

Mwenye malori alivaa shati lake. Kola ilikuwa imesimama kama ya bwana harusi. Aliingia kwa Stoo, akakaa humo dakika kumi na tano. Alipotoka bahasha ilikuwa bado kwapani, na Stoo alikuwa nyuma yake akisema, "Ni sakafu tu bwana, sakafu zote zina mwinuko!"

"Mwinuko unaokwenda chooni," alisema mwenye malori. "Nitakupa kumi na mbili."

"Kumi na mbili? Bora niibomoe!"

"Subiri tu, inajibomoa yenyewe."

Kinyozi alilazimika kuacha kichwa cha mteja nusu, aingie ndani akacheke.

 

Wakaja wengine. Walikuja mwalimu na mkewe, akaja mama mwenye mgahawa, wakaja ndugu watatu waliokuwa wameuza shamba la baba yao. Mama Pasi hakumkimbilia mtu. Aliwaita kwa kitu kidogo: kifungo kilicholegea, suruali yenye mikunjo miwili, mtandio uliovutika. Wanapotulia aliwaambia yaleyale, kwa sauti ileile, na hakuongeza chumvi hata punje. Hakuwa na haja. Ukweli alioukalia siku ile sebuleni ulikuwa umeiva vya kutosha.

Mke wa mwalimu aliipenda sana sebule. Alirudi kutoka ndani macho yanamng'aa.

"Dada, nimeipenda!"

"Umemwambia?"

"Nani?"

"Mwenye nyumba. Umemwambia umeipenda?"

"Nimesema tu ni nzuri..."

"Umeshaongeza milioni moja," alisema Mama Pasi. "Nyumba ya mtu, ipende ukishafika kwako. Ukiwa ndani mwake tafuta kasoro. Na usitaje bei wewe kwanza. Ataje, unyamaze. Unyamaze mpaka aone aibu."

Mwalimu aliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari la mahudhurio. Hawakuinunua nyumba ya Stoo. Mwezi uliofuata walinunua nyingine kwingineko, wakamletea Mama Pasi shuka kumi na mbili za kupiga pasi na habari kwamba walinyamaza mpaka muuzaji akapunguza mara mbili peke yake.

Kibao cha INAUZWA kilibadilishwa namba. Kumi na tisa ikafutwa kwa rangi nyeupe, ikaandikwa kumi na sita. Wiki tatu baadaye, kumi na nne. Rangi ya chini ilikuwa nyepesi, na kila aliyesimama aliweza kusoma bei zote tatu kwa mpigo. Kinyozi alikuwa akiwaambia wateja, "Kaa vizuri nikunyoe, ukichelewa utakuta nyumba ile inagawiwa."

Mama Pasi akaanza kupata usingizi. Tangu msiba alikuwa akilala kama mtu aliyekaa juu ya misumari. Sasa alilala fofofo, na asubuhi aliwasha mkaa akiimba. Ni hilo lililomtisha mama mkwe wake.

"Chuki inakunenepesha," bibi alimwambia.

"Afadhali mimi, mama. Kuna wengine wananenepa kwa fedha zetu."

"Mwanangu hakuwa mtu wa visasi."

"Hakuwa, ndiyo. Alionya mara mbili akanyamaza. Mimi nimechukua zamu ya tatu."

Bibi alitikisa kichwa. Aliendelea kumletea chakula cha mchana barazani kila siku, bakuli limefunikwa kwa sahani, lakini aliketi akiupa mgongo upande wa nyumba ile. Kila Mama Pasi alipoita mnunuzi, bibi aliinuka akaenda kuzungumza na kinyozi kuhusu maumivu ya magoti.

 

Stoo alivuka barabara mara ya kwanza akiwa amevaa fulana, uso umevimba kwa hasira.

"Mchawi wewe!"

"Mchawi hufanya kazi gizani, Bwana Stoo. Mimi hapa jua la saa sita, na ushuru wa mtaa nimelipa."

"Unanichafulia jina!"

"Nimesema uongo gani? Utaje mmoja, nimwite kila mtu nikanushe."

Watu watatu waliokuwa wakingoja kunyolewa waligeuka. Stoo aliwatazama, akatazama meza, akavua fulana aliyovaa, imelowa jasho, akaitupa juu ya shati jeupe la mteja. Juu yake akatupa noti.

"Kama kazi yako ni pasi, piga hiyo unyamaze."

Mama Pasi aliiondoa fulana kwa ncha za vidole, akaisuuza kwenye ndoo, akaikamua, akaipiga pasi hadi ikakauka. Stoo alisimama kifua wazi, tumbo nje, katikati ya watu waliovaa. Kila alipotaka kuondoka alikumbuka kwamba atavuka barabara uchi. Alikunjiwa fulana kwa ustadi, akapewa, na juu yake chenji yake, sarafu kwa sarafu.

"Hesabu," Mama Pasi alimwambia. "Hapa tukipokea tunarudisha."

Mara ya pili Stoo alikuja wiki mbili baadaye, asubuhi, suti mwilini na kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Kwa maneno ya kuzungukazunguka alieleza kwamba kuna fremu ya duka alikuwa akiinunua karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa ametanguliza arubuni akitegemea fedha za nyumba. Muuzaji wa duka alikuwa amempa hadi mwisho wa mwezi.

"Ulitanguliza ngapi?" aliuliza Mama Pasi.

"Nne."

"Mliandikiana?"

Stoo alitazama kofia yake. "Ni mtu ninayefahamiana naye."

Mama Pasi hakucheka. Aliisogeza pasi juu ya foronya, kwenda na kurudi, taratibu, na utamu ukamshuka kooni kama maji baridi. Alimwacha asimame. Alimaliza foronya, akaikunja, akachukua nyingine.

"Nimekuja turudishiane," Stoo alisema. "Milioni tatu zako. Ila na wewe unyamaze." Akatoa karatasi. Alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa kuogopa ada ya wakili, safari hii kwa mistari mingi: Mimi, Mama Pasi, nimerudishiwa arubuni yangu yote. Kuanzia leo mimi sitazungumza na mnunuzi yeyote habari za nyumba ya Bwana Stoo. Nikizungumza, nitamlipa milioni tatu hizo.

Mama Pasi aliisoma mara tatu. Kukubali ilikuwa sawa na kumng'oa mbwa meno. Kukataa ilikuwa kumwachia Stoo mikono ya mumewe, na msumeno wa ghala uendelee kuwa saa yao ya ukutani. Alimtazama mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kinyozi.

"Chukua, mwanangu," bibi alisema. "Yaishe. Chukua, tutafute kwingine."

"Sipokei mkononi," Mama Pasi alimwambia Stoo. "Weka benki. Ujumbe ukiingia kwenye simu yangu, nitatia sahihi. Kinyozi ni shahidi."

"Huniamini?"

"Hapana."

Ilichukua saa mbili. Stoo alikwenda benki, akapanga foleni, akarudi akihema. Simu ililia mezani, kinyozi akausoma ujumbe kwa sauti hadi sifuri ya mwisho. Mama Pasi akatia sahihi. Stoo alipuliza wino, akaikunja karatasi, akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

"Mambo ya kibinadamu haya," alisema, akimnyooshea bibi mkono. Bibi aliupokea.

 

Siku ya pili yake Mama Pasi alipaswa kuhamisha meza yake kurudi sokoni. Alichelewa makusudi. Alipiga pasi bila kuimba, na mara mbili alikaribia kuunguza nguo. Fedha zilikuwa zimerudi zote, lakini hazikuja na kile alichokuwa akikingoja. Mkabala, Stoo alikuwa juu ya ngazi akiandika namba mpya kwenye kibao. Kumi na sita tena. Alikuwa akipiga mluzi.

Saa saba akaja muuguzi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, sare nyeupe, viatu vya kazi, bahasha ndefu mkononi. Aliingia kwa Stoo, akakaa humo nusu saa. Alipotoka alisimama kivulini barazani kujipepea. Bibi alikuwa ndiyo kwanza ameweka bakuli la chakula juu ya meza.

"Shikamooni," muuguzi alisema. "Nyie ni wakazi wa hapa? Nyumba ile ikoje? Naona kama nitaichukua. Nimeweka akiba miaka minane."

Mama Pasi alifungua mdomo, akaufunga. Aliichukua pasi, akaikandamiza kwenye kitambaa kitupu. Kinyozi alikohoa, akatazama vichwa vyake.

"Kuna ufa chumba cha nyuma," muuguzi aliendelea, "umenitia wasiwasi kidogo. Lakini mzee amenieleza. Anasema nyumba haina tatizo, ni uzembe wa fundi aliyepiga lipu. Eti alikuwa mlevi wa kupindukia. Mwisho alipanda jukwaani na pombe kichwani, akaanguka akafa."

Harufu ya nguo inayoanza kuungua ikapanda mezani. Mama Pasi aliinyanyua pasi. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya alama ya kahawia. Mumewe hakuwahi kuonja pombe. Alitaka kulisema hilo moja tu, maneno manne, na maneno manne yalikuwa na bei ya milioni tatu.

Bibi alikuwa ameshika sahani iliyofunika bakuli. Aliiweka chini polepole, kama kitu kilichojaa hadi ukingoni.

"Ile karatasi ya jana," alimuuliza mkwe wake bila kumtazama, "ina majina mangapi?"

"Moja, mama."

"La nani?"

"Langu."

"Langu halimo?"

"Halimo, mama."

Bibi aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya machozi kuitazama nyumba ya Stoo. Stoo alikuwa dirishani, pazia kalishika kwa vidole viwili, na bibi alimtazama hadi pazia likashuka. Kisha akavuta kiti cha kinyozi, akakipangusa kwa ncha ya mtandio wake, akakigeuza kielekee ng'ambo ya barabara.

"Keti, mwanangu," alimwambia muuguzi, "na hiyo bahasha iweke vizuri. Huyo fundi nilimzaa mimi."